Usiku wa Cornell na mkono wa Betty

Ukimuuliza shabiki wa Grateful Dead ni usiku gani bendi ile ilipiga vizuri kuliko siku zote, huenda akakujibu kwa tarehe tupu: 8 Mei 1977. Anamaanisha onyesho la Barton Hall, jumba kubwa la michezo la Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, jimbo la New York. Muulize wa pili aliyekaa pembeni yake, atakwambia hapana, usiku uliofuata kule Buffalo ulikuwa mtamu zaidi. Wa tatu atasema 1977 ni mwaka wa wageni, waliokomaa husikiliza 1972, au 1974, au zile siku za Februari 1970 pale ukumbi wa Fillmore East. Ubishi huu una umri mkubwa kuliko wengi wa wanaobishana. Mimi niliijua bendi hii kupitia intaneti, nikiwa Dar es Salaam, miaka mingi baada ya mpiga gitaa wake Jerry Garcia kufariki, na nimeingia kwenye ubishi huo mzimamzima.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema, maana ndio ulionikalisha kuandika. Sehemu kubwa ya sifa za usiku ule wa Cornell ni za mwanamke aitwaye Betty Cantor-Jackson, aliyekuwa akirekodi. Tunapotaja usiku bora, mara nyingi tunataja usiku uliorekodiwa vizuri. Ukilikubali hilo, utakuwa na maswali mengine kabisa kwa wale wanaochagua nini kitoke ghalani, yaani kwenye hifadhi ya kanda za bendi, na nini kiendelee kulala.

Kwa asiyeifahamu bendi yenyewe: walianza 1965 huko Palo Alto, California, wakaishia 1995, Garcia alipofariki tarehe 9 Agosti. Katika miaka hiyo 30 walipiga maonyesho yapatayo 2,300. Usiku wa leo haukufanana na wa jana, nyimbo zilibadilishwa, zikapangwa upya, zikaunganishwa palepale jukwaani. Wimbo wao "Dark Star" kwenye santuri ndogo ya 1968 haufiki hata dakika tatu. Kwenye albamu ya Live/Dead ya mwaka uliofuata, iliyorekodiwa ukumbini, unapita dakika 23. Ndiyo sababu shabiki wa bendi hii hakusanyi albamu, anakusanya tarehe.

Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Tunajua wimbo una mwili wake na una chemko lake, na kwamba chemko la ukumbini, magitaa yameshika moto na hakuna anayetaka kukaa, ni kitu kingine na chemko la redioni. Lakini tunachosikiliza leo cha bendi za Dar za miaka ya 70 na 80 kwa sehemu kubwa ni zile rekodi za studio za Radio Tanzania. Nazipenda kupita kiasi. Hata hivyo, kila nikizisikiliza najiuliza Jumamosi saa nane za usiku bendi hiyohiyo ilikuwa inafika wapi. Nikiona watu wamerithi kumbukumbu ya maelfu ya usiku kama ule, nao wanagombana watoe upi kwanza, naona wivu wa kweli, na maneno yao nayasikiliza kwa makini.

Mwanzoni kabisa kurekodi kulikuwa kazi ya fundi kujikagua. Owsley Stanley, aliyejulikana kwa jina la Bear, alipokuwa kwenye mitambo yao alirekodi ili onyesho likiisha asikilize na kujua wapi sauti ilimponyoka. Betty alikuja baadaye kidogo, akiwa miongoni mwa waliorekodi Live/Dead, na miaka ya 70 akawa anasafiri na bendi. Inafaa kujua alichofanya tofauti na wengine.

Kwa kawaida kanda inayotoka mitamboni hubeba mchanganyiko uleule unaopelekwa kwenye spika za ukumbi. Sasa fundi wa ukumbi anachanganyia ukumbi. Gitaa lina amplifaya yake jukwaani, linasikika lenyewe, kwa hiyo halipandishi sana. Ngoma nazo zinajitosheleza. Sauti za waimbaji ndizo zinazohitaji kunyanyuliwa. Ukija kuisikiliza kanda hiyo nyumbani unawakuta waimbaji wamekukalia sikioni, gitaa liko chumba cha pili, na besi kama haikualikwa. Betty hakutegemea mchanganyiko wa ukumbi. Alikuwa na meza yake mwenyewe, akichanganya kwa ajili ya kanda tu, kwa masikio ya mtu ambaye hakuwepo pale. Mtu huyo ni mimi, ni wewe, ni yeyote atakayesikiliza baadaye.

Chukua kile kipande cha awamu ya pili pale Cornell, "Scarlet Begonias" inapoingia kwenye "Fire on the Mountain". Zote mbili pamoja zinapita dakika 25. Weka spika za masikioni. Gitaa la Garcia na la Bob Weir yanasikika kila moja mahali pake, hayapandiani. Besi ya Phil Lesh ina uzito wa chini na bado unaisikia kila noti inapoguswa. Wimbo wa kwanza unapoanza kulegea, Bill Kreutzmann na Mickey Hart hawaachi ngoma zao, Donna Godchaux anaimba bila maneno juu ya yote, na huku chini besi inaanza kuzunguka ile njia ya wimbo wa pili, wimbo ambao una kodi (chord) mbili tu toka mwanzo hadi mwisho. Nimekisikiliza kipande hicho mara nyingi nikitafuta mahali wimbo mmoja ulipokwisha na mwingine ulipoanza, na hapana mahali pa kuweka kidole. Kama kanda ile ingekuwa na besi iliyozama, makutano hayo yasingesikika. Watu wangesema tu kwamba Cornell walipiga wimbo mrefu.

Kilichozipata kanda za Betty baadaye ni sehemu ya sababu. Aliachana na kazi ya bendi, maisha yakambana, akashindwa kulipia ghala alimoweka vitu vyake, na mwaka 1986 vikapigwa mnada. Kanda zikaangukia mikononi mwa watu wa nje. Kuanzia hapo kopi zikaanza kutembea. Ni lazima ukumbuke mashabiki walikuwa wakiishi kwa kopi za namna gani. Unamtumia mtu usiyemjua kaseti tupu na stempu za kurudishia, naye anakurudishia onyesho. Hela ilikuwa mwiko, na aliyeuza kanda alijiharibia jina. Lakini kila kopi ya kaseti inaongeza mvumo wake juu ya mvumo wa kopi iliyotangulia, na kaseti inageuzwa upande katikati ya wimbo, tena mara nyingi palepale unapoanza kunoga. Katika hali hiyo, mwishoni mwa miaka ya 80, masikio yaliyozoea kopi ya kopi ya kopi yakakutana na Cornell ikiwa safi kama imerekodiwa chumba cha jirani. Ningekuwepo, ningeapa nami kwamba hakujawahi kuwa na usiku kama ule.

Tarehe ikawa jina. Kwenye kaseti waliandika 5/8/77 kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi kwanza. Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza rekodi hiyo kwenye orodha ya rekodi za taifa za kuhifadhiwa, katika uteuzi wa 2011. Na hapo bado haikuwa imetolewa rasmi! Kanda za asili hazikuwa ghalani kwa bendi. Zilirudi baadaye, na albamu ikatoka Mei 2017, miaka 40 baada ya onyesho, ikiwa peke yake na pia ndani ya kasha moja na maonyesho ya New Haven, Boston na Buffalo ya wiki ileile.

Kasha hilo ndilo ushahidi wangu. Usiku minne, bendi moja, wiki moja, mkono mmoja kwenye meza ya kurekodi. Ukisikiliza mfululizo, Cornell haijitengi hivyo kama sifa zake zinavyodai. Buffalo inafungua na "Help on the Way" kwa ukali ambao Cornell haina. Upande wa Cornell una ile "Morning Dew" ya kuelekea mwisho, Garcia akikwangua nyuzi kwa kasi hadi unahisi zitakatika, na kwa hiyo pekee nampa Cornell heshima yake yote. Lakini pengo ni dogo. Anayesema kuna Cornell halafu kuna mengine anarudia kitu alichorithi.

Kuna hoja ya kunipinga ambayo naiheshimu. Inasema mwaka ule bendi ilikuwa na nidhamu isiyo ya kawaida, kwa sababu ilikuwa imetoka studio na prodyuza Keith Olsen kurekodi albamu ya Terrapin Station, naye aliwafanyisha mazoezi kwelikweli. Ni kweli, na unaisikia: ngoma mbili zimekaa sawasawa, nyimbo zinaanza kwa pamoja na kumalizika kwa pamoja. Hoja hiyo inaueleza mwezi mzima wa Mei. Haielezi kwa nini usiku mmoja umepewa kiti cha mfalme.

Na ndipo nafika kwenye kinachonikera, yaani miaka ya mwanzo ya 80. Betty hayupo. Kanda za mitamboni za kipindi hicho nyingi ni kaseti zenye mchanganyiko wa ukumbi, kavu, tayari zimechanganywa, huwezi kurudi nyuma ukapandisha besi. Kwa hiyo ukitazama orodha ya yaliyotolewa rasmi, 1972 hadi 1974 na 1977 yamerundikana, halafu unaruka hadi mwisho wa muongo, bendi iliporekodi tena kwa njia nyingi za sauti zilizotenganishwa. Mtu mgeni akiitazama orodha hiyo ataamini kwamba 1982 au 1984 bendi ilikuwa imelala. Haikulala. Brent Mydland alikuwa ameingia 1979 na kinanda cha Hammond na sauti iliyojaa mikwaruzo, akaipa bendi nguvu ambayo 1977 haikuwa nayo. Garcia afya yake ilikuwa inazorota, hilo halifichiki, na mwaka 1986 alianguka akapoteza fahamu kwa siku kadhaa kwa sababu ya kisukari. Baadhi ya usiku ni mbovu. Baadhi ni wa kutisha kwa uzuri, kwa sababu hujui watatoboa au hawatoboi.

Tutaujuaje uzuri huo? Kwa rekodi za ukumbini. Mashabiki waliingia na mikrofoni zao ndefu na vinasa sauti vizito, na kwa kuwa bendi haikuwazuia, walifikia kiwango cha ufundi ambacho sijakiona popote. Msitu wa mikrofoni ulipofika mahali pa kumziba fundi wa ukumbi macho, hawakuwafukuza. Oktoba 1984, kwenye maonyesho ya Berkeley, wakaanza kuuziwa tiketi za eneo lao maalumu nyuma ya meza ya mitambo. Garcia msimamo wake ulijulikana: wao wakishamaliza kuupiga, muziki ni wa watu.

Wengi wa wanaobishana nami wanazidharau rekodi za ukumbini. Wanasema zina makelele, kuna mtu anapiga mluzi, kuna wawili wanaongea kuhusu gari lao. Ndiyo. Zina pia hewa ya ukumbi, zina spika zile kubwa zikisukuma kifua cha watu, na zina kitu ambacho kanda ya mitamboni haiwezi kukupa kamwe, yaani watu wanapoutambua wimbo. Noti tatu za kwanza, kimya kifupi, halafu sauti ya maelfu inapanda. Muziki wa bendi hii ulitegemea sauti hiyo, walipiga wakiisikia. Kuna mafundi wa kujitolea wanaounganisha kanda ya mitamboni na ya ukumbini za usiku mmoja, sekunde kwa sekunde, wakapata waimbaji wa ile ya kwanza na upana wa ile ya pili. Kazi ni ngumu, maana vinasa viwili havikimbii kasi moja. Zikifanywa vizuri, naziweka juu ya nusu ya makasha rasmi niliyowahi kusikia.

Kwa nini ghala rasmi lisitoe kitu kama hicho? Rekodi za ukumbini hulitumia kwa nadra, kuziba pengo pale kanda ilipokwisha na fundi akawa anabadilisha nyingine. Zaidi ya hapo wanaona aibu. Na hapa namkumbuka Dick Latvala, maana yeye hakuwa na aibu hiyo. Alikuwa shabiki wa kubadilishana kanda, aliyepewa kazi ya kutunza ghala la bendi katika miaka ya 80, mtu aliyejaza madaftari kwa mwandiko wake akisifia usiku huu na kuulaani ule. Mfululizo wa Dick's Picks ulianza 1993 kwa onyesho la Tampa, Florida, la 19 Desemba 1973. Uliuzwa na onyo limechapishwa: kanda ni ya njia mbili tu za sauti, ina kasoro zake, mnunuzi ajue. Sauti ikiwa na mkwaruzo, muziki ukawa na moto, Dick alichagua moto. Alifariki 1999, mfululizo ukaendelea hadi toleo la 36 mwaka 2005.

David Lemieux aliyemrithi ni mtu makini, na simsemi kwa ubaya. Dave's Picks, inayotoka mara nne kwa mwaka toka 2012, ina onyesho kamili mara nyingi kuliko ya Dick, na usafi wa sauti umepanda mno. Jeffrey Norman anaipa kila kanda mkono wa mwisho, na kuna mtambo wa Plangent unaosoma ule mlio wa juu usiosikika ulioachwa na kinasa kwenye kanda, ukairekebisha kasi iliyoyumba. Wapo wanaodai usafi huo unaua joto la kanda. Sikubaliani nao. Piano iliyokuwa inayumba ikatulia, unaanza kumsikia Keith Godchaux kama mpiga piano hasa. Kisha 2015 Lemieux alitoa kasha la diski 80, onyesho moja kwa kila mwaka toka 1966 hadi 1995, ikawalazimu watu kukaa na 1981 na 1983 sebuleni kwao. Hilo nampongeza.

Tatizo ni kopi. Lile kasha zilichapwa 6,500 tu. Dave's Picks ya kwanza 12,000, siku hizi imepanda hadi 25,000, na zikiisha zimeisha. Rekodi zote 22 za ziara ya Ulaya ya 1972, diski 73, zilitoka 2011 kwa sanduku la kifahari 7,200. Wanunuzi wa kuuza tena wanawahi, na wiki inayofuata bei imeruka. Kwa msikilizaji wa Dar, Nairobi au Kampala, weka juu yake nauli ya kifurushi na ushuru. Bendi iliyojengwa na kaseti za bure isingepaswa kuwa na muziki wa kugombania hivi.

Jambo hili liliwahi kulipuka. Novemba 2005 maonyesho yao yaliyokuwa yanapakuliwa bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive yaliondolewa kwa ombi la upande wa bendi. Mashabiki wakachachamaa, wakatia saini, wakatishia kususia. Lesh mwenyewe akajitokeza kusema hakushirikishwa. Baada ya siku chache ukapatikana mwafaka unaodumu hadi leo: rekodi za ukumbini unazipakua, za mitamboni unazisikiliza palepale bila kuzichukua. Wengi waliuona kama ushindi nusu. Mimi, ambaye nimelelewa na mwafaka huo, nina deni kwake. Kwa kuwa bando langu halikuruhusu kusikiliza moja kwa moja kila siku, nilipakua za ukumbini, na hivyo ndivyo masikio yangu yalivyozizoea.

Usiku ninaoudai mimi ni wa Misri. Tarehe 14, 15 na 16 Septemba 1978 bendi ilipiga Giza, mbele ya piramidi, mshirika wao akiwa Hamza El Din, Mnubi mpiga udi na tari, ambaye kijiji alikozaliwa kilimezwa na maji ya bwawa la Aswan. Walipanga kutoa albamu. Wakasikiliza, wakaiacha: piano haikuwa imetyuniwa, Kreutzmann alikuwa amevunjika kifundo cha mkono, bendi haikuridhika na ilivyopiga. Ikakaa ghalani hadi 2008, ikatoka kwa diski mbili zilizochotwa usiku wa 15 na 16.

Mashabiki wengi watakwambia hiyo ni rekodi ya picha nzuri na muziki wa kawaida, na ukilinganisha noti kwa noti na Mei 1977 wana haki. Lakini sikiliza usiku wa 16, usiku ambao mwezi ulipatwa. Hamza El Din anaanza na waimbaji wake, makofi na tari, mzunguko ambao mtu wa Pwani hatajiuliza mara mbili aweke wapi mguu. Wanabendi wanaingia taratibu juu ya makofi hayo, wakitafuta, na wanachofikia ni "Fire on the Mountain", ileile ya Cornell, safari hii ikitokea upande mwingine kabisa. Si safi. Kuna mahali wanapotezana. Hakuna kanda ya Cornell yenye kitu kile.

Kwa hiyo nawaomba wanaoshika ghala watoe Giza yote, usiku wote watatu, nyimbo zote, na piano yake mbovu isiguswe. Waweke na onyo la Dick juu ya kasha kama wanaogopa. Na wasichape 7,200.